Namna ya Kuboresha Dawa Zisizoyeyuka Vizuri Majini kwa Kutumia Chembe za Nano

Dawa inayomezwa haiwezi kupenya ukuta wa utumbo ikiwa bado ni chembe ngumu. Sharti kwanza iyeyuke katika majimaji ya tumbo na utumbo, kisha molekuli zake zilizoyeyuka ndizo zipite kuingia kwenye damu. Molekuli nyingi zinazogunduliwa siku hizi ni nzito, zinapenda mafuta kuliko maji, na fuwele zake zimeshikana kwa nguvu. Kwa hiyo mgonjwa anaweza kumeza dozi kamili na sehemu kubwa ya dozi hiyo ikapita tumboni na kutoka nje bila kumfaa kitu. Mwongozo huu unaeleza namna ya kukabiliana na tatizo hilo kwa kuisaga dawa ndani ya maji hadi ifikie ukubwa wa nanomita mia chache, kuanzia hesabu za awali hadi unga mkavu unaoweza kuwekwa kwenye kapsuli au kidonge. Umeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi wa famasia na mtafiti wa maabara ya kawaida, yaani mtu mwenye mizani, kikorogeo cha sumaku na uwezo wa kupata, walau kwa kuazima, kifaa cha kupimia ukubwa wa chembe.

Kabla ya yote, jambo moja lieleweke, kwa sababu asiyelielewa atapoteza miezi. Kuipunguza dawa hadi ukubwa wa nano huongeza kasi ya kuyeyuka. Hakuongezi sana kiasi cha juu ambacho maji yanaweza kukibeba, yaani umumunyifu wake. Nadharia ya Ostwald na Freundlich inaonyesha kwamba umumunyifu hupanda kidogo chembe zinapokuwa ndogo mno, lakini kwa fuwele za nanomita 200 ongezeko hilo ni dogo na si la kutegemewa. Faida yetu inatoka kwenye eneo la uso. Mchemraba wa sentimita 1 una uso wa sentimita za mraba 6. Ukikatwakatwa kuwa vimchemraba vya nanomita 100, uso huohuo unakuwa mita za mraba 60, ilhali uzito haujabadilika hata kidogo. Kazi yote inayofuata ni kuutengeneza uso huo na kisha kuulinda mpaka ufike kwenye utumbo wa mgonjwa, na sehemu ya kulinda ndiyo ngumu zaidi.

Pima tatizo kabla ya kuwasha kinu

Mwaka 1995 Gordon Amidon na wenzake walipendekeza dawa zigawanywe katika madaraja manne kwa kuangalia mambo mawili: umumunyifu na uwezo wa kupenya ukuta wa utumbo. Daraja la pili ni la dawa zinazopenya vizuri lakini haziyeyuki vizuri, na la nne ni la zile zisizofanya lolote kati ya hayo mawili. Dawa huhesabiwa kuwa na umumunyifu wa kutosha ikiwa dozi yake kubwa kabisa inayeyuka katika mililita 250 za maji, au pungufu ya hapo, katika viwango vyote vya pH vinavyopatikana kwenye njia ya chakula. Chembe za nano ni silaha ya daraja la pili. Katika daraja la nne zinaweza kusaidia nusu ya safari tu, kwa kuwa hazifungui mlango wa ukuta wa utumbo.

Hata ndani ya daraja la pili si kila dawa inafaa. Butler na Dressman, mwaka 2010, waligawa daraja hilo sehemu mbili: dawa ambazo kikwazo chake ni kasi ya kuyeyuka, na dawa ambazo kikwazo chake ni umumunyifu wenyewe. Kundi la kwanza ndilo letu. Ili kujua dawa yako iko wapi, fanya hesabu kwa kalamu kabla ya kugusa kifaa chochote.

Chukua dawa yenye dozi ya miligramu 100 na umumunyifu wa mikrogramu 20 kwa mililita. Dozi nzima inahitaji lita 5 za maji ili iyeyuke yote kwa pamoja, na tumboni hakuna lita 5. Hata hivyo usikate tamaa, kwa sababu utumbo si chupa iliyofungwa: molekuli zinazoyeyuka huondoka kupitia ukuta, na nafasi zinazoachwa hujazwa na nyingine, mradi chembe zilizobaki ziyeyuke upesi vya kutosha. Hapo swali linahama kutoka kwenye kiasi na kuwa la kasi. Noyes na Whitney walionyesha tangu mwaka 1897 kwamba kasi ya kuyeyuka hutegemea tofauti kati ya umumunyifu na kiasi kilichokwisha kuyeyuka, na wanasayansi waliowafuata wakaongeza eneo la uso na unene wa tabaka la maji yaliyotulia kuzunguka chembe. Kwa chembe ndogo ya mviringo, muda wa kuyeyuka kabisa unakadiriwa hivi: densiti ya dawa mara mraba wa nusu kipenyo, kisha ugawanye kwa mara mbili ya zao la kigezo cha msambao (kipimo cha wepesi wa molekuli kusambaa majini) na umumunyifu.

Tukiweka densiti ya gramu 1.3 kwa sentimita ya ujazo na kigezo cha msambao cha sehemu 5 za milioni za sentimita ya mraba kwa sekunde (yaani 5 × 10⁻⁶), chembe yenye kipenyo cha mikromita 30 inahitaji takriban saa 4 kuyeyuka, na huo ni muda sawa na ule ambao chakula hukaa katika utumbo mwembamba, au hata kuuzidi. Chembe ya mikromita 10 inahitaji dakika 27. Chembe ya nanomita 200 inahitaji chini ya sekunde moja. Hesabu hii inachukulia kwamba maji ni mengi na hayajai dawa, kwa hiyo tumboni muda utakuwa mrefu zaidi. Lakini uwiano kati ya namba hizo tatu ndio unaoeleza kwa nini watu wanahangaika na nano.

Sasa badilisha mfano. Dozi iwe gramu 1 na umumunyifu mikrogramu 1 kwa mililita, na maji yanayohitajika yanakuwa lita 1,000. Hapa chembe zitajaza majimaji ya utumbo kwa dawa katika muda mfupi sana, kisha kila kitu kitasimama, kwa sababu kinachozuia si kasi tena. Dawa ya namna hiyo itafutie njia inayoongeza umumunyifu wenyewe: siklodekstrini (molekuli za sukari zenye umbo la pete zinazoibeba dawa ndani yake), mchanganyiko mgumu wa dawa na polima ambamo dawa haina mpangilio wa fuwele, au mafuta. Na ikiwa dawa yako ni asidi au besi, jaribu chumvi zake kwanza. Chumvi nzuri ni nafuu kuliko kinu chochote, na sioni sababu ya kuiruka hatua hiyo.

Umumunyifu unaoingiza kwenye hesabu usiwe wa maji matupu peke yake. Upime pia katika majimaji ya kuigiza ya utumbo, yenye chumvi za nyongo na lesithini, kwa nyuzijoto 37, huku ukikoroga kwa saa 24 au hadi namba iache kubadilika. Kwa dawa zinazopenda mafuta, nyongo inaweza kuupandisha umumunyifu mara nyingi, na dawa iliyoonekana haifai kwenye karatasi ikawa inafaa.

Tabia za dawa zinazoamua mafanikio

Dawa inayosagika vizuri ni ngumu, ina kiwango cha juu cha myeyuko, na huvunjika badala ya kubonyea. Fuwele laini zenye kiwango cha chini cha myeyuko hunata kwenye shanga za kinu na kugeuka ute. Fenofibrati, ambayo huyeyuka kwa joto la takriban nyuzi 80, ni mfano wa dawa inayohitaji kinu kipozwe wakati wote, na bado ilifanikiwa: Tricor ya mwaka 2004, iliyotengenezwa kwa fuwele za nano, ilikuwa na miligramu 145 mahali ambapo toleo lililotangulia lilihitaji 160, na mgonjwa hakulazimika tena kuimeza pamoja na chakula. Jambo la pili ni kwamba umumunyifu mdogo, ambao ndio ugonjwa tunaoutibu, ni baraka wakati wa kutengeneza. Dawa inayoyeyuka kidogo sana majini haihami kwa urahisi kutoka chembe moja kwenda nyingine, kwa hiyo chembe zake hudumu na ukubwa zilioanza nao.

Kiimarishi

Hapa nitakaa kwa muda, maana hapa ndipo kazi nyingi zinapofia. Chembe inapovunjika, nyuso mpya zinazozaliwa zina nishati nyingi na zinatafuta kupunguza nishati hiyo kwa kushikana tena. Zisipokutana na kitu cha kuzifunika mara moja, kinu kitavunja na chembe zitaungana, na baada ya saa kumi utakuwa na mabonge yaleyale uliyoanza nayo. Kiimarishi ndicho kinachofunika nyuso hizo, na hufanya hivyo kwa njia mbili. Polima kama hidroksipropili selulosi, haipromelosi, povidoni na poloksama hujishikiza kwenye uso na kuacha minyororo yake ikielea majini kama nywele, hivyo chembe mbili zikikaribiana nywele zao husukumana. Surfaktanti (vitu vya jamii ya sabuni) zenye chaji, kama sodiamu lorili salfeti, huipa kila chembe chaji ya umeme ya aina moja, na chaji za aina moja hukimbiana.

Njia ya chaji peke yake huonekana nzuri sana ndani ya kichupa cha maji safi, na hapo ndipo inapowadanganya wengi. Tumbo lina asidi na chumvi. Ayoni hizo huizunguka chaji ya chembe na kuifunika, nguvu ya kusukumana hutoweka, na suspensheni, yaani mchanganyiko wa chembe zinazoelea majini, iliyokaa mezani miezi mitatu bila tatizo inaganda ndani ya dakika chache. Kwa dawa ya kumeza, kwa hiyo, tegemea polima, na surfaktanti iwe msaidizi wa kulowanisha unga tu. Kiasi chake nacho kiwe kidogo. Sodiamu lorili salfeti huanza kuunda mafungu ya molekuli majini ikifika takriban milimoli 8 kwa lita, sawa na asilimia 0.23 hivi, na juu ya hapo mafungu hayo huyeyusha dawa na kuibeba kutoka chembe ndogo kwenda chembe kubwa. Chembe ndogo huisha, kubwa hunenepa. Ukikaa chini ya asilimia 0.2 unajiepusha na sehemu kubwa ya tatizo hilo.

Kwa bahati mbaya hakuna jedwali linaloweza kukuambia kiimarishi gani kinaendana na dawa yako. Sharti ujaribu, na kujaribu si kazi kubwa. Chukua vichupa vya kioo vya mililita 20, kimoja kwa kila kiimarishi. Katika kila kichupa weka gramu 0.25 za dawa, gramu 0.05 za polima na maji ya kutimiza gramu 5, yaani dawa iwe asilimia 5 na polima asilimia 1. Katika baadhi ya vichupa ongeza miligramu 5 za sodiamu lorili salfeti. Yeyusha polima majini kwanza, tena kabisa, ndipo uongeze dawa. Haipromelosi na hidroksipropili selulosi zikimwagwa zote kwa pamoja hufanya madonge yenye ute nje na unga mkavu ndani, na madonge hayo hayatayeyuka hata ukikoroga kutwa. Kisha mimina shanga za zirkonia (aina ya kauri ngumu) zenye kipenyo cha milimita 0.5, gramu 18 hivi, ambazo zitachukua nafasi ya mililita 5. Tia kipande cha sumaku, funga, na uweke kwenye kikorogeo ndani ya bakuli la maji baridi.

Saa ya kwanza itakuambia mengi kama utaitazama. Unga ukielea juu na kung'ang'ania kwenye shingo ya kichupa, kiimarishi hakilowanishi. Povu jingi linalomeza shanga linamaanisha surfaktanti imezidi au kasi ya kukoroga imezidi, na shanga zinazoelea ndani ya povu hazisagi kitu. Mchanganyiko ukigeuka mzito kama uji, chembe zimeanza kushikana, au polima ni nyingi mno. Chota sampuli ndogo baada ya saa 1, 4, 8 na 24. Dondoshea tone moja kwenye maji mengi na uitazame dhidi ya mwanga: mwanzoni maji yatakuwa meupe kama ya chaki na vumbi litaonekana likishuka, kazi ikienda vizuri, tone hilohilo litaanza kutoa rangi ya samawati iliyofifia pembeni mwa glasi, wala hakuna kinachoshuka. Rangi hiyo haitoki kwenye dawa. Ni mwanga unaotawanywa na chembe ambazo sasa ni ndogo kuliko urefu wa mawimbi yake.

Kupima ukubwa bila kujidanganya

Kifaa kinachotumika zaidi hurusha leza kwenye suspensheni iliyozimuliwa na kukadiria ukubwa wa chembe kutokana na mtikisiko wake majini. Kitakupa wastani wa kipenyo na kielezo cha mtawanyiko, yaani namba inayoonyesha jinsi chembe zinavyotofautiana ukubwa. Kielezo cha chini ya 0.2 ni kizuri, na kikizidi 0.3 tafuta sababu. Usizimue sampuli kwa maji matupu. Umekwisha kutengeneza chembe zinazoyeyuka upesi, na ukidondoshea tone lake katika maji mengi safi, chembe ndogo zitayeyuka mbele ya leza na kifaa kitapima zile kubwa tu zilizobaki. Andaa mapema maji yaliyoshibishwa kwa dawa hiyohiyo, yachuje, na uyatumie kwa kila upimaji.

Kifaa hiki pia hakioni vizuri chembe kubwa chache zilizojificha katikati ya ndogo nyingi, ilhali chembe hizo chache zinaweza kubeba sehemu kubwa ya uzito wa dawa: chembe moja ya mikromita 2 ina uzito sawa na chembe elfu moja za nanomita 200. Kwa hiyo weka tone chini ya darubini ya kawaida. Ukiona vijiti au vipande vinavyong'aa, namba nzuri ya kifaa isikufariji.

Chaji ya uso, inayoitwa potensheli ya zeta, huongezwa kwenye ripoti kama desturi. Kwa suspensheni inayotegemea chaji pekee, thamani inayozidi milivolti 30, iwe chanya au hasi, ni dalili njema. Kwa iliyofunikwa na polima namba ndogo haina maana ya ubaya, kwa kuwa nywele za polima zinafanya kazi ambayo kipimo hiki hakiioni.

Suspensheni zilizofaulu zipeleke kwenye jaribio la tumbo. Tengeneza majimaji yenye gramu 2 za chumvi ya kawaida na mililita 7 za asidi ya haidrokloriki iliyokolea kwa lita, pH yake iwe 1.2, yapashe hadi nyuzi 37, kisha changanya sehemu moja ya suspensheni na sehemu ishirini za majimaji hayo. Pima ukubwa mwanzoni, baada ya nusu saa na baada ya saa moja. Kiimarishi kinachoshindwa hapa kiondoe kwenye orodha hata kama kilikupa chembe ndogo kuliko vyote. Angalia tu kwamba dawa yenye tabia ya besi itayeyuka kwenye asidi badala ya kuganda, na kwake jaribio la maana ni la hatua inayofuata, pale inapomiminwa katika majimaji ya utumbo na kuweza kuanguka upya kama fuwele kubwa.

Kusaga kwa kiasi kikubwa

Ukishampata mshindi, hamia kwenye kinu halisi cha shanga. Kanuni hazibadiliki, bali nguvu huongezeka: dawa inaweza kufika asilimia 10 hadi 30 ya mchanganyiko, shanga hujaza zaidi ya nusu ya chumba cha kinu, na shanga ndogo za milimita 0.2 au 0.3 hutoa chembe ndogo zaidi kwa sababu idadi ya migongano huwa kubwa. Anza na unga ambao tayari ni wa mikromita chache, la sivyo shanga ndogo hazitakuwa na nguvu ya kuvunja mabonge makubwa. Poza chumba cha kinu. Chora ukubwa wa chembe dhidi ya muda, na simama pale mstari unapolala. Kuendelea baada ya hapo hakupunguzi ukubwa. Kunachubua shanga na kuingiza zirkonia kwenye dawa, kunapandisha joto, na kunaweza kuvuruga mpangilio wa fuwele. Zirkonia iliyoingia ipimwe, kwa kuwa hiki ni kitu kitakachomezwa na mtu, na huenda kila siku kwa miaka.

Baada ya kusaga, kausha sampuli na uipime kwa eksirei na kwa kipimo cha joto la myeyuko. Vilele vya eksirei vitakuwa vifupi na vipana kuliko vya dawa ya mwanzo, na hiyo ni tabia ya fuwele ndogo. Usiite hali hiyo kupotea kwa fuwele. Kinachopaswa kukushtua ni vilele vipya mahali ambapo havikuwepo, au kilima kipana kisicho na vilele kabisa.

Zipo njia nyingine za kufika kwenye nano. Kusukuma suspensheni kwenye upenyo mwembamba kwa shinikizo la baa 1,000 hadi 1,500, mara kumi hadi ishirini, huvunja chembe bila shanga. Kuyeyusha dawa katika kimumunyishi cha kikaboni na kuimwaga kwa ghafla majini hutoa chembe ndogo ndani ya sekunde, ila kuzizuia zisikue ni kazi, na mabaki ya kimumunyishi lazima yaondolewe. Chembe za mafuta magumu, za polima au za protini hutumika pale unapotaka zaidi ya kasi ya kuyeyuka. Paklitakseli, dawa ya saratani, iliyofungwa na protini ya albumini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2005 kwa jina la Abraxane, ina chembe za nanomita 130 hivi na iliondoa haja ya Cremophor EL, kiyeyushi kilichokuwa kikiwasababishia wagonjwa mzio mkali. Nimechagua kinu cha shanga katika mwongozo huu kwa sababu ndicho kilichotoa dawa nyingi za kumeza zilizofika sokoni, kuanzia Rapamune ya vidonge mwaka 2000 na Emend mwaka 2003, na kwa sababu kinahitaji maji tu.

Kukausha

Suspensheni inaweza kumezwa kama ilivyo, lakini mara nyingi tunataka unga. Maji yanapoondoka, chembe husongamana na polima zake hufumana, na zikikauka katika hali hiyo hazitaachana tena. Suluhisho ni kuweka kitu kinachoyeyuka upesi katikati yao. Kwa kukausha kwa kugandisha, ongeza trehalosi au sukrosi, anza na uzito sawa na wa dawa, na ugandishe haraka. Barafu inayokua polepole husukuma chembe zote kwenye vijia vyembamba kati ya fuwele zake na kuzibana humo. Manitoli hutoa keki nzuri kwa macho, ila hujitengenezea fuwele zake na inaweza kulinda chembe kidogo kuliko sukari zinazobaki kama kioo. Njia nyingine ni kunyunyizia suspensheni juu ya punje za sukari au selulosi katika hewa ya moto, kama ilivyofanyika kwa kapsuli za Emend.

Kipimo cha ukaushaji ni kimoja. Weka unga kwenye mililita 10 za maji yaliyoshibishwa, tikisa kwa mkono kwa dakika moja, na upime ukubwa. Usitumie mtikisiko wa mawimbi ya sauti kusaidia, kwa kuwa mgonjwa hana kifaa hicho tumboni. Gawanya ukubwa huu kwa ule wa kabla ya kukausha. Ukiwa karibu na 1 umefaulu, ukiwa 3 au 4 ongeza sukari au badilisha polima, kwa maana uso uliougharamia umekwisha kupotea.

Jaribio la kuyeyuka

Vyombo ni vilevile vya kawaida: mililita 900 za majimaji, nyuzi 37, kasia linalozunguka mara 50 au 75 kwa dakika. Chukua sampuli mapema, katika dakika ya 2, 5, 10 na 15, kwa sababu tofauti kati ya nano na unga wa kawaida iko hapo. Usitie surfaktanti nyingi kwenye majimaji. Ukitia nyingi, unga wa kawaida nao utayeyuka upesi na jaribio halitatenganisha kizuri na kibaya.

Kosa kubwa kuliko yote liko kwenye kichujio. Kichujio cha kawaida kina matundu ya mikromita 0.45, yaani nanomita 450, na chembe za nanomita 200 hupita humo bila kizuizi. Zikishapita, zinakutana na kimumunyishi cha mashine ya kupimia, zinayeyuka, na mashine inaandika kwamba dawa yote iliyeyuka katika dakika ya pili, wakati ukweli ni kwamba ilikuwa bado chembe. Tumia kichujio cha mikromita 0.1, au cha 0.02 ikibidi, na kabla ya kukiamini kipime hivi: chukua suspensheni yako ndani ya maji yaliyoshibishwa, ichuje, na upime kilichopita. Namba ikiwa sawa na umumunyifu wa dawa, kichujio kinashika chembe zote. Ikiwa juu zaidi, kinavujisha, na matokeo yote uliyoyapata nacho yarudiwe.

Kwamba kasi hii inageuka kuwa faida mwilini, mfano ulio wazi ni wa danazoli. Mwaka 1995 Liversidge na Cundy waliwapa mbwa waliofunga suspensheni ya kawaida yenye chembe za mikromita 10, na dawa iliyopatikana mwilini ilikuwa asilimia 5.1, chembe za nanomita 169 za dawa hiyohiyo zilitoa asilimia 82.3. Ongezeko la namna hiyo ni la kufurahia na la kuogopa kwa pamoja. Dozi iliyokuwa salama kwa toleo la zamani inaweza kuwa sumu kwa toleo jipya, kwa hiyo dozi ihesabiwe upya tangu mwanzo, na miligramu za toleo moja zisibadilishwe kwa zile za jingine kana kwamba ni kitu kimoja. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, katika mwongozo wake wa Aprili 2022 kuhusu dawa zenye vitu vya nano, haijiwekei mpaka wa nanomita 100 tu. Inaangalia pia vitu vya hadi nanomita 1,000 ikiwa tabia zake zinatokana na ukubwa huo, na fuwele za nanomita 200 zinaingia humo.

Bidhaa ya mwisho, iwe kapsuli au kidonge, iwekwe kwenye kabati la nyuzi 40 na unyevu wa asilimia 75 kwa miezi 6, na kila inapotolewa ipimwe mambo matatu kwa pamoja: ukubwa wa chembe baada ya kutawanywa majini, eksirei, na kasi ya kuyeyuka kwa kichujio kilichothibitishwa. Unyevu hulainisha sukari iliyokuwa kama kioo, sukari ikilainika chembe husogeleana, na dalili ya kwanza huonekana kwenye sampuli ya dakika ya 5 kabla haijaonekana popote pengine.